Maji ya Mtoto Niliyoyamwaga Kariakoo

Wenzangu, tangu nishuke kwenye basi wiki iliyopita hamjaniacha nipumue. Sokoni mnaniuliza, msibani mnaniuliza, na juzi Bi Somoe alinivuta kanga katikati ya maziko: "Maji yetu yalimwogesha mtoto?" Nami najibu, "Mtoto mzima, Alhamdulillahi," halafu nageuza maneno. Basi leo nasema yote, tena kwa maandishi, ili asije mtu akaongeza chumvi. Ila msome mpaka mwisho. Mkiishia katikati mtaniona mwendawazimu.

Newala hadi Mingoyo

Asubuhi ile mnaikumbuka. Hawa, binti yangu wa pekee, alikuwa na mimba ya miezi sita huko Dar, na mbili za kabla yake zilikuwa zimetoka. Ya tatu hii niliapa kuilinda kwa macho yangu mwenyewe. Kwetu huku juu ya uwanda wa Wamakonde maji ni mvua, na mvua mwaka huu iligoma. Hata hivyo mlikuja, wanawake wanane, kila mmoja na kisufuria chake kutoka kisima chake cha mvua, mkamimina kwenye dumu langu la lita kumi. Mjukuu aoge mara ya kwanza maji ya kwao, kama tulivyoogeshwa sisi. Bi Somoe, wewe kisima chako kilikuwa kimebaki tope. Nilikusikia ukikwangua chini kwa kata.

Konda aliliona dumu akafikiri ni mafuta ya alizeti.

"Ni maji," nikamwambia.

"Maji? Mama, unapeleka maji Dar? Kule kuna bahari nzima!"

Basi zima likacheka. Nikamjibu kwamba bahari haiogeshi mtoto mchanga, na nikalipakata dumu mpaka Mingoyo. Miguu ilikufa ganzi, lakini sikulitua chini.

Mingoyo hadi Rufiji

Nangurukuru tulikula wali kwa samaki, wali wenyewe umeungua chini, lakini njaa haina adabu. Mbele kidogo ya Somanga gari likatoa mlio, likasimama. Fundi akaingia uvunguni na hakutoka. Jua lilikuwa la kuchoma utosi. Hakuna kibanda, hakuna kivuli, majani ya kando ya barabara yamekuwa meupe kwa ukame. Saa moja, ya pili, ya tatu. Chupa za abiria zikaisha.

Kiti cha jirani alikaa mzee mmoja mwenye kofia ya kiua. Alitoa vidonge vyake vya presha, akavishika kiganjani, akanitazama kwa upole. "Mwanangu, nipe funda moja tu nimezee."

Wenzangu, nilimnyima. Nilimwambia, "Samahani mzee, haya yana mwenyewe." Akasema, "Haya, mwanangu," akavirudisha mfukoni. Baadaye dada mmoja wa nyuma alimpa mabaki ya soda yake. Mimi niligeukia dirishani nikijifanya nimesinzia, na aibu ile ninayo mpaka leo. Lakini moyoni nilijitetea kwamba sikuwa na ruhusa, kwamba maji yale ni ya wanawake wanane na mtoto mmoja. Tuliondoka pale jua likielekea kuchwa, na mto Rufiji tulipouvuka ulikuwa umejikunyata katikati ya mchanga wake.

Mbagala hadi Kariakoo

Nililala Mbagala kwa shangazi yake Shabani, mkwe wangu, na asubuhi mwenyewe akaja kunichukua na bajaji. Shabani anauza vipuri mtaa wa Gerezani, kijana mpole, hawezi kunitazama usoni kwa heshima ya ukwe. Alipolipokea dumu alidhani ni asali.

Tulivyoingia mjini nikaanza kuona mapipa. Mapipa ya bluu kila mlango, kila ngazi, kila kona ya duka. Penye kofuli la duka pana pipa, penye mama wa chapati pana pipa.

"Mgao, mama," Shabani akasema. "Maji yanatoka mara moja kwa wiki. Wiki nyingine, ng'o. Mto tunaochotewa umepungua. Kila mtu anakinga anachoweza."

Nikacheka kimoyomoyo. Watu wa Bongo leo wamekuwa Wamakonde!

Nyumba yao ni ya zamani, vyumba sita na ua wa pamoja, nyuma tu ya maduka ya vitambaa. Uani nilihesabu mapipa kumi na moja. Hawa alikuwa ameketi kwenye kigoda, tumbo limemtangulia, uso umejaa. Aliponiona alilia. Mimi sikulia, nilimgusa tumbo kwanza. Mtoto alinipiga teke, nikasema, "Marahaba, mjukuu wangu."

Jirani wa chumba cha pili, Mama Upendo, Mchaga anayeuza unga na sukari kwa jumla, alitoka kunipokea. "Karibu sana mama. Umekuja wakati mzuri. Joto lipo, maji hakuna, lakini angalau ukame una faida yake. Mitaro imekauka, mbu wote wamekufa."

Nikamwunga mkono. Mbu wa nini pasipo madimbwi?

Uani, mwezi mzima

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe langu likawa maji. Nani angenishinda mimi kwa maji? Niliwafundisha watu wa nyumba ile: pipa lisifike chini, ongeza kabla halijaisha, usimwage hata tone. Maji ya kuoshea mchele yaende kwenye vyombo, ya vyombo yaende chooni. Bomba likikohoa saa yoyote, wote tunakimbia na ndoo. Mapipa yale hayakukauka hata siku moja tangu nifike. Mama Upendo akawa ananiita Waziri wa Maji, nami nikavimba kichwa.

Maji yenu sikuyaacha kwenye dumu, maana plastiki ingeyatia harufu. Nilinunua mtungi wa udongo sokoni, nikayamimina humo, nikauweka chumbani kwa Hawa, kwenye kona penye baridi. Juu nikafunika sahani, na ndani nikaacha kata ya kifuu. Mpini wake ulichomoza, sahani ikawa haikai sawa. Niliona ule mwanya. Sikuujali.

Wiki ya pili nilichungulia nikaona vidudu vinapinda na kunyooka ndani ya maji. Wenzangu, mnajua nilifanya nini? Nilifurahi. Sisi si ndivyo tulivyolelewa? Maji yenye viluwiluwi hayana sumu, ni maji hai. Siku ya kuyatumia unayachuja kwa kanga, basi. Nilimwita hata Hawa aje aone. "Maji ya mwanao yako hai," nikamwambia.

Chandarua nilikifunga kila jioni kwa mikono yangu, nikakisokomeza chini ya godoro. Mchana Hawa alijinyoosha kwenye mkeka chumbani humo, miguu imevimba, anajikuna vifundo. Siku moja saa nne asubuhi niliua mbu juu ya mguu wake: mweusi, miguu ina mabaka meupe. "Huyu mbu mpumbavu," nikasema, "hata saa hajui." Tulicheka sana.

Chumba cha mbele alikaa fundi cherehani. Yeye aliugua homa wiki nzima, akaamka amekonda, akarudi kwenye cherehani yake. Akasema ni joto. Nasi tukasema ni joto.

Kariakoo hadi hospitali

Hawa aliamka Jumatatu mwili unawaka. Alisema macho yanamuuma kwa nyuma, yaani ndani ya kichwa, na viungo kama vimepondwa kwa mchi. Nikajua malaria. Nani asiyeijua malaria? Nilikuwa nimebeba dawa ya mseto kutoka nyumbani, nikampa. Jumatano homa ipo pale pale, maumivu yamezidi. Shabani akakimbia duka la dawa akaleta vidonge vikali vya maumivu. Nikampa pia. Mimi ndiye niliyempa, kwa mkono huu.

Ijumaa asubuhi homa ilishuka. Nikapiga kigelegele kidogo, nikaenda kumkorogea uji. Niliporudi nilikuta anatema mate, na mate yana damu. Fizi zilikuwa zinavuja. Mikononi ametoka vipele vyekundu, na tumbo, anasema, linakata.

"Mama," akaniambia, "hii nayo inatoka."

Mguu mmoja nilivaa kandambili yangu, mguu wa pili ya Shabani.

Bajaji tulipata, njia hatukupata. Mtaa wa pili tu kutoka nyumbani boza, lori la tangi la maji, lilikuwa limesimama katikati ya barabara, na nyuma yake foleni ya ndoo, madumu, mikokoteni, watu wanasukumana na kutukanana. Dereva wetu anapiga honi mpaka inakwaruza. Hakuna anayehama, maana atakayehama anapoteza zamu. Hawa amelaza kichwa mapajani mwangu, midomo imekauka, na kanga niliyomwekea mdomoni ina madoa.

Nikashuka. Nilikuwa mbogo. Nikapiga ubavu wa boza kwa kofi mpaka mkono ukauma. "Jamani, nina mgonjwa! Ana mimba! Sogezeni ndoo zenu!"

Mama mmoja mwenye madumu manne akanijibu bila kugeuka, "Sote tuna wagonjwa nyumbani, mama."

Neno lile lilinipita wakati ule. Leo ndiyo ninalielewa. Nyumba zile zote zilikuwa na wagonjwa, na sote tulikuwa tunagombania cha kujazia mapipa.

Waliotusaidia ni wachukuzi wawili wa mizigo. Waliinua bajaji upande mmoja, wakaipitisha juu ya ukingo wa barabara, huku wakiimba kama wanabeba gunia. Sikuwauliza hata majina.

Hospitali, daktari kijana alinipa shikamoo, nikasahau kuitikia. Alimchoma Hawa kidole, akamtoa damu, akasubiri. "Malaria hana, mama."

"Kipimo chenu kibovu," nikamwambia. "Mimi nimezaliwa na malaria."

Hakukasirika. Akaniuliza amepewa dawa gani. Nikazitaja zote. Alipozisikia zile za maumivu alifumba macho kidogo. "Hizo zinaongeza kuvuja damu, mama. Angekunywa parasetamo peke yake. Hii ni dengue. Na homa ikishuka ndipo pa kuogopa zaidi."

Dengue. Kidingapopo. Bibi yangu aliitaja tulipokuwa watoto, nikadhani imekufa pamoja na wazee wake.

"Inaletwa na nini?"

"Na mbu."

"Mbu gani na ukame huu? Mitaro imekauka!"

"Huyu hataki mtaro, mama. Anataka maji masafi yaliyotulia, ndani ya nyumba. Na anauma mchana. Mvua zikikosekana watu wanahifadhi maji, yeye anapata pa kutagia."

Nilimsikia, lakini kichwa changu kilikuwa kwa Hawa. Walimtundikia dripu. Walisema chembe za kugandisha damu zimeshuka mno, na moyo wa mtoto unapiga ila anafuatiliwa. Nikauliza, atapona? Daktari akasema, "Siku mbili hizi ndizo zitakazotuambia." Nilikaa kwenye ukuta wa nje nikamwomba Mungu anichukue mimi, tena nilisema kwa sauti, na aliyesikia na asikie.

Hospitali hadi uani

Kesho yake mchana nilirudi nyumbani kupika uji. Nikamkuta bibi afya wa kata, binti mwembamba mwenye tochi na kikombe cheupe, anazunguka uani. Hospitali walikuwa wametoa taarifa. Mama Upendo anamfuata nyuma, amefura.

"Tumwage maji na mgao huu? Wewe utatuletea mengine?"

"Sijasema mmwage yote, mama," bibi afya akamjibu. "Yachujeni kwa kitambaa, myatumie. Pipa likiisha lisugueni ndani kwa brashi, maana mayai yanagandia ukutani, yanakaa makavu miezi yakingoja maji. Halafu funikeni, mfuniko ubane. Kosa lenu mnaongezea juu ya yale yale. Chini hayaishi."

Mama Upendo alinitazama mimi. Waziri wa Maji. Nilitamani ardhi inimeze.

Alichota kikombe kwenye pipa la kwanza, akamulika: viluwiluwi. La pili: viluwiluwi. Mapipa sita kati ya kumi na moja. Kisha akauliza, "Ndani kuna maji?"

Wenzangu, nilitaka kusema hakuna. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini nikakumbuka ile kanga yenye madoa, nikamfungulia mlango.

Aliinua sahani. Mbu wawili walitoka, weusi, miguu na mabaka meupe, wakapita karibu na pua yangu wakatua ukutani, juu kidogo ya mkeka wa Hawa. Ndani mlikuwa mmejaa viluwiluwi. Havikuhitaji tochi.

"Haya ya nini, mama?"

"Ya mtoto," nikasema. "Ni ya kumwogeshea mtoto."

Akasema taratibu, "Si lazima yawe ndiyo. Mbu aliyemuuma hakuna anayeweza kumjua, huenda ametoka kwenye pipa lolote. Unaweza kuyachuja ukafulia. Ila yasilale tena humu."

Angeniacha na hayo ningetulia. Alinipa njia ya kutokea, na njia yenyewe ni ya haki. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekileta mwenyewe, nimekipakata kutoka Newala, nimemnyima mzee funda lake kwa ajili yake, nimekiweka miguuni pa mwanangu na kukiita hai.

Niliukumbatia mtungi nikatoka nao mpaka mbele ya nyumba, barabarani, kwenye jua. Mama Upendo alipiga kelele: "Mama Hawa, usimwage! Yachuje! Usimwage!" Watu wa foleni ya boza, siku hiyo limefika mtaa wetu, waligeuka. Mimi, mtoto wa uwanda, ambaye tangu nipate akili sijamwaga hata maji ya kunawia, niliuinamisha.

Yalitoka yote. Mchanga uliyanywa upesi, kwa kiu ile. Viluwiluwi vilibaki juu vikijipinda, halafu vikatulia. Nilisimama pale mpaka pakakauka, nikilitaja jina la kila mmoja wenu, wanane, na la mwisho nilikutaja wewe Somoe. Kisha nikaupiga mtungi chini ukapasuka, nikaingia ndani, nikachukua brashi, nikaanza na pipa la kwanza.

Kariakoo hadi Newala

Jumapili jioni fizi ziliacha kuvuja. Jumanne chembe za damu zilianza kupanda, na daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza. Hawa alirudi nyumbani amebaki macho tu, lakini tumbo liko pale pale, na ndani yake mtu anapiga mateke. Akachungulia kona.

"Mama, maji ya mtoto yako wapi?"

Nikamwambia. Sikuficha hata ile sahani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ungeningoja nikayamwage mwenyewe." Akanishika mkono, tukalia wote wawili kama wajinga.

Baada ya hapo chandarua kilishuka mchana pia. Kila Ijumaa nyumba nzima tulisugua mapipa, na Mama Upendo ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Fundi cherehani alitushonea mifuniko ya vitambaa yenye lastiki. Siku ilipotimia mtoto alitoka, msichana, kwa kilio cha kuamsha mtaa.

Basi jibu lenu ni hili. Hapana, Bi Somoe, maji yenu hayakumwogesha. Aliogeshwa maji ya boza yaliyochotwa asubuhi ile ile, na yalibaki nusu beseni nikayamwaga. Anayetaka kunisema na aje anisemee hapa kwangu. Nimekaa kando ya kisima, natoa tope kwa ndoo, na nina brashi ya pili ya atakayekuja.